Je, Wajua? Filamu Zilizookolewa Mwisho wa Njia

Filamu ninayoipenda kuliko zote za enzi ya sinema za kimya ilikutwa ndani ya stoo ya hospitali ya wagonjwa wa akili. Inaitwa La Passion de Jeanne d'Arc, ya mwaka 1928, na mwongozaji wake ni Carl Theodor Dreyer wa Denmark. Inasimulia kesi ya binti wa Kifaransa aliyehukumiwa kuchomwa moto. Sehemu kubwa ya picha ni nyuso tu, hasa uso wa Renée Falconetti, mwigizaji wa jukwaani kutoka Paris, usio na poda wala wanja, uliosogezwa karibu mno hata unaona chozi linavyojikusanya kabla ya kudondoka. Ukiutazama uso ule dakika kumi, unasahau kabisa kwamba hakuna anayesikika akisema.

Mkanda mama, yaani ule uliopita kwenye kamera yenyewe, uliteketea Berlin mwezi Desemba 1928. Dreyer hakukata tamaa. Alikusanya picha za ziada alizokuwa ameziweka kando, akaunda filamu upya, na mwaka uliofuata mkanda huo nao ukapatwa na moto. Alifariki mwaka 1968 bila kujua kwamba toleo lake la kwanza lilikuwa limesalia popote. Miaka 13 baadaye, mwaka 1981, mfanyakazi wa hospitali ya Dikemark, nje kidogo ya jiji la Oslo, alikuta mikebe ya filamu kwenye stoo ya mtunza jengo. Ikapelekwa Taasisi ya Filamu ya Norway, ikakaa huko kama miaka 3 kabla ya mtu kuifungua. Ilipofunguliwa, ndiyo hiyo: toleo la kwanza, lenye maandishi ya Kidenmark, kabla wakaguzi wa Ufaransa hawajalipitishia mkasi.

Visa vya namna hii ninavikusanya kwa mapenzi, na kila nikiviweka pamoja naona jambo lilelile likijirudia. Wenye mali ndio waliozichoma filamu, walioziyeyusha, walioziacha zioze. Waliozinusuru ni waoneshaji sinema wa miji ya mbali, wahakiki, watu wa vilabu vya filamu na watunza stoo, watu ambao mara nyingi hawakuwa na hati hata moja ya kumiliki walichokishika.

Je, wajua kwamba mikanda ya zamani iliweza kuwaka hata ndani ya maji? Tangu mwanzo wa sinema hadi miaka ya 1950 mwanzoni, mikanda ya kumbi za biashara ilitengenezwa kwa selulosi naitreti, kemikali iliyo ndugu wa baruti. Inapowaka huzalisha oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo kuimwagia maji au kuifunika blanketi hakusaidii kitu. Ndiyo maana chumba cha projekta katika kumbi za kale kilijengwa kwa kuta nene na vidirisha vyenye mapazia ya chuma ya kushuka haraka. Isipowaka, huoza: hutoa harufu kali, hulainika na kunata, na mwishowe hubaki unga wa rangi ya kutu. Juu ya hayo, ndani yake mlikuwa na fedha, madini halisi, ambayo kampuni ziliweza kuyatoa na kuyauza tena. Filamu ikishamaliza mzunguko wake wa kumbi, kwa mwenye kampuni ilikuwa hatari ya moto na gharama ya ghala. Kuharibu kulikuwa na faida.

Hesabu ya hasara hiyo ilitolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013. Kati ya filamu ndefu za kimya karibu 11,000 zilizotengenezwa Marekani kati ya 1912 na 1929, zilizosalia kamili kwa umbo lake la awali ni asilimia 14 tu. Asilimia 11 nyingine zipo kamili, lakini kwa matoleo yaliyouzwa nchi za nje au kwa mikanda midogo ya ubora wa chini. Hilo la pili ndilo linalonisisimua mimi. Mamia ya filamu za Marekani zipo leo kwa sababu tu ziliwahi kuvuka mpaka au kushuka hadhi.

Na msanii mwenyewe naye aliweza kuwa mharibifu. Georges Méliès alikuwa mwanamazingaombwe wa Paris, mwenye ukumbi wake wa maonyesho, kabla hajawa mtengeneza filamu. Alitengeneza filamu zaidi ya 500, na ile ya safari ya kwenda mwezini, ya mwaka 1902, imejulikana dunia nzima kwa picha ya roketi iliyochoma jicho la mwezi. Biashara ikamshinda. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mikanda yake mingi ilichukuliwa na jeshi la Ufaransa na kuyeyushwa, na malighafi yake ikatumika kutengenezea visigino vya viatu. Mwaka 1923, akiwa amefilisika na analazimika kuhama, aliichoma mwenyewe mikanda mama iliyobaki. Baada ya hapo aliuza vitu vya kuchezea watoto na peremende katika kibanda ndani ya stesheni ya reli ya Montparnasse. Waliomtoa pale ni waandishi na wapenzi wa sinema, walioanza kuulizana huyu mzee yuko wapi, wakasaka filamu chache zilizosalia na kumwandalia usiku wa heshima mwezi Desemba 1929.

Safari ya mwezini ilikuwa pia na toleo la rangi. Rangi hizo zilipakwa kwa brashi, picha moja baada ya nyingine, na wanawake wa karakana ya Elisabeth Thuillier huko Paris. Filamu ya dakika chini ya 20 ina picha zaidi ya 13,000, kwa hiyo fikiria macho na mikono ya wanawake wale, na majina yao hayakuwekwa popote kwenye filamu. Toleo hilo lilidhaniwa limepotea hadi mwaka 1993, mtu asiyetaka kutajwa alipolikabidhi kwa hifadhi ya filamu ya Barcelona. Lilikuwa limegandamana na kuwa kipande kigumu. Kulibandua, kulipiga picha na kulitengeneza kulichukua miaka mingi, na likaoneshwa tena Cannes mwaka 2011.

Lakini kisa ambacho siwezi kukisimulia nimekaa ni cha Dawson City. Huo ni mji mdogo wa Yukon, kaskazini ya mbali ya Kanada, uliofurika watu mwaka 1898 kwa sababu ya dhahabu na kisha kupungukiwa nao. Filamu zilifika huko zikiwa zimeshazunguka kumbi zote za kusini, mara nyingi zikiwa na umri wa miaka 2 au 3. Dawson ilikuwa kituo cha mwisho. Kuzirudisha kulikuwa na gharama, na kampuni za Hollywood hazikuona sababu ya kuilipa. Wakala wao pale mjini, ambaye alikuwa benki, akazihifadhi kwenye chumba cha chini cha maktaba hadi kikajaa.

Mwaka 1929 mjini kulikuwa na shida nyingine kabisa. Bwawa la kuogelea la ukumbi wa michezo, ambalo wakati wa baridi lilifunikwa na kugeuzwa uwanja wa hoki ya barafu, lilikuwa linafanya barafu ivimbe katikati. Meneja wa benki alikuwa pia mweka hazina wa chama cha hoki. Akatatua matatizo mawili kwa pamoja: mamia ya mikanda ikamwagwa ndani ya bwawa, ikafunikwa kwa udongo, na barafu ikawa tambarare. Mikanda mingine ya mjini ilichomwa au kutupwa katika Mto Yukon. Kwa miaka kadhaa, vipande vya mikanda vilikuwa vikichomoza kwenye barafu, na watoto wakaviwasha moto kwa mchezo.

Ukumbi wenyewe uliungua mwaka 1951. Mwaka 1978 tingatinga lililokuwa likichimba msingi wa jengo jipya likafukua mikanda, na kazi ikasimamishwa. Ilitolewa mikanda 533. Ardhi ya kule haiyeyuki barafu yake mwaka mzima, hivyo kwa karibu nusu karne kilichokuwa taka kilikaa kwenye jokofu lisilotumia umeme. Kampuni za kawaida za usafirishaji zilikataa kubeba naitreti, ikabidi ndege ya jeshi la Kanada iibebe kwenda Ottawa. Humo zilipatikana filamu ambazo hazina nakala nyingine duniani, pamoja na picha za habari za fainali za besiboli za Marekani za mwaka 1919, zile ambazo wachezaji wa Chicago walihusishwa na rushwa. Maji yameacha alama pembeni mwa picha nyingi, mawimbi meupe yanayocheza kando ya nyuso za waigizaji. Bill Morrison alitengeneza filamu ya hali halisi kuhusu hazina hiyo, Dawson City: Frozen Time, ya mwaka 2016. Ukiipata, itazame usiku, sauti ikiwa juu, na usifanye jambo lingine lolote kwa wakati huo.

New Zealand nayo ilikuwa mwisho wa njia, upande wa pili wa dunia. Mwoneshaji sinema mmoja huko, Jack Murtagh, alikuwa akiweka mikanda ambayo wengine waliitupa. Baada ya kifo chake mkusanyo ukafika katika hifadhi ya taifa, na wataalamu wa Marekani walipoutembelea mwaka 2009 na baada yake wakakuta humo Upstream ya John Ford, ya mwaka 1927, kichekesho kuhusu waigizaji wa jukwaani wanaoishi nyumba moja ya kupanga. Wakakuta pia nusu ya kwanza ya The White Shadow ya mwaka 1924, ambayo kijana Alfred Hitchcock aliifanyia kazi kama msaidizi wa mwongozaji, akiandika na kusanifu mandhari.

Sasa tuje kwa wahakiki, maana nao wana sehemu yao na mara chache hutajwa.

Metropolis ya Fritz Lang ilizinduliwa Berlin mwezi Januari 1927 ikiwa na urefu wa saa mbili na nusu. Haikuvuta watu kama ilivyotarajiwa, ikakatwa karibu robo nzima, na vipande vilivyokatwa vikapotea. Kwa miaka 80 wahakiki waliandika kuhusu filamu ambayo hakuna aliyeiona yote. Ila kabla ya mkasi kupita, mfanyabiashara wa filamu wa Argentina alikuwa ameshanunua nakala kamili na kuipeleka Buenos Aires. Baadaye nakala hiyo ikaangukia mikononi mwa mhakiki Manuel Peña Rodríguez, kisha ikaingia mikononi mwa serikali, ikanakiliwa kwenye mkanda mdogo wa milimita 16, na mwishowe ikakaa kwenye rafu za jumba la makumbusho ya sinema la jiji hilo.

Fernando Martín Peña, mhakiki na mkusanyaji wa filamu wa Buenos Aires, aliwahi kusikia lalamiko la mzee mmoja wa klabu ya filamu. Mzee yule alisema siku moja aliionesha Metropolis na projekta ikawa inaruka, ikambidi akae ameshikilia mkanda kwa kidole kwa zaidi ya saa mbili. Wengine wangecheka na kupita. Peña alipiga hesabu: zaidi ya saa mbili? Nakala zote zilizojulikana wakati huo zilikuwa fupi kuliko hapo. Kwa miaka mingi aliomba kuiona ile ya makumbusho bila mafanikio, hadi mwaka 2008 Paula Félix-Didier alipokuwa mkurugenzi wa jumba hilo. Wawili hao waliingia stoo, wakaifungua mikebe, na dakika kama 25 zilizopotea zilikuwamo, zimejaa mikwaruzo lakini zinaonekana. Zilirudishwa mahali pake na filamu ikaoneshwa Berlin Februari 2010. Wahusika wa pembeni waliokuwa wakipita kama vivuli wakapata visa vyao, na ndipo ilipoeleweka kwa nini watu fulani mle wanachukiana.

Mhakiki mwingine ni Iris Barry. Alikuwa akiandika uhakiki wa filamu katika magazeti ya London kabla ya kuhamia New York, ambako mwaka 1935 aliianzisha maktaba ya filamu ya jumba la makumbusho la sanaa za kisasa, MoMA. Mwishoni mwa miaka ya 1930 aliichukua mikebe kama 900 kutoka kampuni ya Biograph iliyokuwa ikifunga ghala lake eneo la Bronx. Ndani yake mlikuwa na mikanda isiyo na jina, isiyo na maandishi, ambayo haikuwahi kuunganishwa. Ilichukua miongo hadi ikatambuliwa vizuri: picha za mwaka 1913, waigizaji wote weusi, na steringi wao ni Bert Williams.

Bert Williams, mzaliwa wa Bahamas, alikuwa mchekeshaji mkubwa wa zama zake. Mwaka 1903 yeye na mwenzake George Walker waliongoza In Dahomey, tamthilia ndefu ya muziki ya kwanza kuandikwa na kuchezwa na watu weusi katika ukumbi mkubwa wa Broadway, na mwaka huohuo waliipeleka London hadi kwenye kasri la Buckingham. Hata hivyo desturi ya jukwaa la Marekani ilimlazimu, yeye mtu mweusi, kujipaka masizi usoni ili achekeshe. Katika mikanda ile ya 1913 amepakwa hivyo, lakini wenzake wote hawakupakwa. Wanacheza dansi, wanapanda farasi wa bembea, wanapendana. Mwishoni Williams anambusu mpenzi wake, anayechezwa na Odessa Warren Grey, kwa upole usio na mzaha hata kidogo. Kampuni haikuikamilisha filamu hiyo. MoMA iliionesha hadharani mwaka 2014, baada ya zaidi ya karne moja. Mimi naihesabu miongoni mwa picha muhimu kabisa za maisha ya watu weusi zilizosalia kutoka enzi ile, na inaumiza kufikiri watazamaji wa 1913 walinyimwa nini.

Ya Oscar Micheaux inafanana nayo. Filamu yake Within Our Gates ya mwaka 1920, ndiyo ya kale kuliko zote ndefu zilizosalia za mwongozaji Mmarekani mweusi, ilipatikana Hispania katika miaka ya 1970 ikiwa na jina La Negra. Maandishi yake yalikuwa ya Kihispania, ikabidi yarudishwe katika Kiingereza.

Jukwaa na filamu viliwahi kushikana mikono kwa namna nyingine pia. Mwaka 1912 mwigizaji mkongwe wa Shakespeare, Frederick Warde, alicheza Richard III mbele ya kamera, kisha akawa anasafiri na filamu yenyewe. Ilipooneshwa, alisimama kando ya skrini akieleza na kusoma maneno ya mfalme kwa sauti yake. Filamu hiyo ilidhaniwa imepotea hadi mwaka 1996, mwoneshaji sinema mstaafu wa Portland, Oregon, alipoitoa nyumbani kwake. Inatajwa kuwa filamu ndefu ya kale kuliko zote za Marekani zilizosalia kamili.

Msomaji aliyepata kukaa kwenye kibanda cha video Dar es Salaam anaijua kazi ya Warde bila kuambiwa. Ndiyo kazi ya marehemu Lufufu, Derek Gaspar Mukandala, aliyezitia sauti ya Kiswahili filamu za nje hadi watu wakanunua mkanda kwa jina lake kuliko la steringi. Kenya wana DJ Afro. Uganda wanawaita VJ, na huko kuna kisa kinachostahili kukaa meza moja na kile cha Méliès. Nabwana Isaac alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, akiwatumia majirani na kompyuta alizoziunda mwenyewe. Ilipokamilika, ilimbidi aifute kwenye kompyuta ili apate nafasi ya filamu nyingine. Iliyosalia ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake, akishangilia na kutania mwanzo hadi mwisho. Mamilioni ya watu wameitazama kupitia intaneti, na wote wameiona kwa kinywa cha VJ, maana nyingine haipo.

Hata vipindi vya televisheni vimeokolewa Afrika. BBC ilifuta kanda zake nyingi za miaka ya 1960 ili izitumie tena, zikiwamo za tamthilia ya Doctor Who. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vilivyopotea vimepatikana katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria, ambako nakala zilitumwa zamani na hazikurudishwa.

Na Tanganyika je? Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Waingereza uliofadhiliwa na shirika la Carnegie la New York uliweka kambi Vugiri, katika milima ya Usambara, na kutengeneza filamu 35. Ziliigizwa na wenyeji, zikahusu kilimo, afya, akiba na maisha ya mjini, kisha zikasafirishwa kwa lori na kuoneshwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mkanda wenyewe haukuwa na sauti. Maneno yalichezwa kwa santuri, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zake. Nia yake ilikuwa ya kikoloni na inaonekana wazi, lakini waigizaji ni watu wetu, kwenye mashamba yetu, miaka kama 25 kabla ya Uhuru. Zilizosalia London katika Taasisi ya Filamu ya Uingereza ni 3: moja ya minyoo ya safura, moja ya mafunzo ya uganga wa mifugo, na moja ya mashamba ya Kingolwira, Morogoro.

Zile 32 nyingine zilipita kwenye misheni, mashule na ofisi za wilaya, kwa hiyo nawaomba wenye funguo za stoo hizo wajue wanachotafuta. Mkanda wa milimita 16 una upana wa kucha ya kidole gumba na ulitengenezwa kwa asetati, isiyolipuka. Ukizeeka hunuka siki, hivyo pua itakuongoza kabla ya macho. Mkanda mpana zaidi ya mara mbili ya huo, wa milimita 35, ndio wa kuogopa: usiufungue karibu na moto wala juani, na usome maandishi madogo ukingoni, kwani mara nyingi kiwanda kilichapa kama ni naitreti au ni salama. Uweke mahali penye ubaridi na hewa, usiutandaze kwa mikono, wala usijaribu kuupitisha kwenye projekta hata kama utaikuta projekta. Halafu wapigie Nyaraka za Taifa.